Shajara ya darasa la mbalamwezi

Jumamosi, 25 Januari 2025

Siku ya kwanza ya darasa la lugha, na waliokuja ni watatu: mama muuza uji, mlinzi wa ghala, na mtoto aliyetumwa kuniletea kiti. Nilijiandaa wiki nzima. Ubao upo, chaki zipo, na maneno 40 nimeyapanga kwa safu nne: Kiswahili, Kisukuma, Kijaluo, Kiganda. Nilikaa mpaka jua likazama ziwani, nikafunga daftari.

Mwenyekiti wa mwalo, hapa mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, ndiye aliyenieleza. "Mwalimu, sasa hivi ni giza. Kwenye giza sisi hatuna jioni." Mwezi usipokuwepo angani ndipo taa juu ya maji huvuta dagaa wakakusanyika chini yake. Mbalamwezi ikitoka, ziwa lote linang'aa na taa inakosa nguvu. Hapo mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu zinashonwa, na watu wanapata usiku wa kukaa. Anayetaka kukutana na wavuvi wa dagaa akutane nao hapo.

Basi darasa linahama, kutoka Jumamosi kwenda mbalamwezi. Lengo ni lilelile. Mwaloni kwetu, huku Ilemela, Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, kuna watu wa pande zote za ziwa: Wasukuma wenyeji, Wakerewe na Wakara wa visiwani, Wajita na Wajaluo wa Mara, Wahaya wa Kagera, na wanunuzi wa kutoka Uganda, Kenya na Kongo. Wanauziana, wanabebeana, wanagombana kila siku kwa Kiswahili cha bei na mzigo, na hapo ndipo kujuana kwao kunapoishia. Nataka kila mmoja aje na lugha ya kwao, aifundishe, na ajifunze ya jirani yake. Hakuna ada wala cheti.

Jumatano, 12 Februari

Watu 19! Mwezi ulikuwa mpevu, hatukuhitaji hata taa.

Kanuni ni moja. Anayefundisha anakaa juu ya kreti, wengine wote mkekani, na robo saa ikiisha anashuka. Wa kwanza kupanda alikuwa mpagazi, kijana wa Magu, ambaye mwaloni hakuna anayemwita kwa jina. Tunasema tu "we kuli". Chini yake alikaa tajiri wa mitumbwi minne, Mjita. Kijana akaanza na salamu. Asubuhi ni *mwangaluka*, jioni ni *mwadila*. Lakini hurushi neno ukapita, alisema. Unasimama, unamtaja mwenzako kwa ukoo wake, *ng'wana* fulani, mtoto wa fulani, mnaulizana ya nyumbani mpaka ifike *mhola*, yaani salama.

Tajiri akasema, "Nwana."

"Hapana, mzee. Ng'wana. Ianzie huku nyuma." Kijana akajigusa koo.

"Ngwana."

"Bado. Hebu sema ng'ombe."

"Ng'ombe."

"Haya, ishikilie hapohapo, usiiachie. Ng'wana."

"Ng'wana," akasema tajiri, safari hii sawasawa, na mkeka mzima ukapiga makofi. Kisha akainua uso, akamuuliza: "Na wewe ni ng'wana nani?" Kijana akamtajia jina la baba yake. Amembebea mizigo miaka mitatu.

Nimeandika mahudhurio na maneno yaliyofundishwa, lakini kama ningeruhusiwa kubaki na kitu kimoja tu cha leo, ningebaki na swali hilo.

Jumamosi, 15 Februari

Asubuhi mzigo wa Uganda ulikuwa unapakiwa. Mnunuzi ni mama wa makamo, mtu wa Masaka. Kijana wetu alikuwa na gunia la dagaa kichwani, anapita juu ya ubao uliolowa. Mama akapaza sauti: "Mpola! Mpola!" Kwa Kiganda hiyo ni polepole. Kijana akasikia *mhola*. Mtu mzima amekusalimu, utapitaje? Akageuka na gunia lake, akajibu kwa adabu, "Mhola duhu, mayu," yaani salama tu, mama. Ubao ukayumba, gunia likaenda kwenye maji ya ukingoni.

Kelele zilizofuata ni za mali. Nani alipe, nani kamkosea nani. Niliwaomba wakae wote wawili, kila mmoja aseme alichokisema na alichokisikia. Ilichukua muda, kwa sababu mama Kiswahili chake ni cha kuokoteza na kijana akiwa na hasira hurudi kwenye Kisukuma. Walipofika kwenye neno lenyewe wakanyamaza wote. Mama akalirudia taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi: mpola, mhola. Halafu akaongeza mwenyewe: polepole. Pole.

Kwa sikio langu hayo ni maneno ya ukoo mmoja. Pale Mganda anapobana midomo kwenye *mp*, Msukuma anapumulia puani, *mh*, na maana zake zimebaki majirani: utulivu, upole, amani. Dagaa walianikwa upya juani na hasara wakagawana nusu kwa nusu. Mama amesema mbalamwezi ijayo ikimkuta Mwanza atakuja.

Ijumaa, 14 Machi

Ramadhani, kwa hiyo tulianza baada ya futari. Watu 26. Mama wa Masaka alikuwepo.

Tulianza na samaki, somo ambalo kila mtu ni bingwa. Dagaa wetu kwa Wajaluo ni *omena*, kwa Waganda ni *mukene*, na ni samaki yuleyule. Sangara upande wa Kenya ni *mbuta*, Uganda *mputa*. Mnunuzi mmoja alisema alikwisha kukata simu ya mteja wa Kisumu akidhani anaulizwa bidhaa asiyokuwa nayo.

Kisha tukaja kwenye maji. Kisukuma *minzi*, Kihaya *amaizi*, Kiganda *amazzi*, kila neno likipokewa kwa vicheko vya watu wanaotambuana. Ikafika zamu ya baharia wa Rorya, Mjaluo. Akasema, "Pi." Vicheko vikakatika. Nyumba? "Ot." Ng'ombe? "Dhiang'." Akatabasamu, lakini si kwa furaha. "Mnaona? Mimi kila mahali ndiye mgeni."

Ni kweli Kijaluo hakina undugu na lugha zetu za Kibantu. Ndugu zake ni Kiacholi na Kilango kule kaskazini mwa Uganda, na wengine mpaka Sudan Kusini. Nilikuwa nimepanga kwenda kwenye majina ya ukoo. Nikaacha. Usiku wote uliobaki tukampa kreti yeye. Tulijifunza *oyawore*, salamu ya asubuhi, na *erokamano*, asante, tukarudia na kurudia mpaka ulimi ukachoka. Ni rahisi kuipenda lugha inayofanana na yako; unakuwa unajipenda mwenyewe kidogo. Ile ambayo hata maji huyajui ndani yake inakutaka uvumilie, na mwenye lugha anaona kama umevumilia au la. Mzee mmoja wa Kikara, mkimya siku zote, ndiye aliyeshika *erokamano* mapema kuliko wote, na wakati wa kuondoka alimfuata yule baharia mpaka kwenye mtumbwi akimwambia neno hilo.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Masika imetukimbizia ndani ya banda, tumebanana kati ya magunia, mvua inapiga bati mpaka mtu anasema kwa sauti ya juu. Zamu ilikuwa ya Kiganda.

Mama alitufundisha *gyebale ko*. Ni salamu anayopewa mtu aliyeko kazini, na ndani yake mna shukrani kwa kazi anayoifanya, hata kama hakufanyii wewe. Sisi tuna "pole na kazi". Tukabishana kwa raha kabisa kipi bora, kupewa pole au kupewa asante, na sikuona aliyeshinda.

Halafu mmoja wetu akauliza, kwa nia njema, kwa nini watu wengi wa Buganda hawakipendi Kiswahili. Mama alikaa kidogo. Akasema nyumbani kwao Kiswahili kilikuwa hakisemwi. Kikisikika redioni, mama yake mzazi alikuwa anazima. Enzi za Idi Amin, tangu 1971 hadi 1979, Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi. Kwenye kizuizi cha barabarani mtu aliulizwa kwa Kiswahili, akatukanwa kwa Kiswahili, na wapo waliopelekwa wasirudi. "Nyinyi mkisema 'simama', ni neno tu," alisema. "Mama yangu akilisikia, mikono ilikuwa inamtetemeka."

Hakuna aliyejibu. Nimefundisha Kiswahili miaka 34. Nimewaambia watoto wasiohesabika kwamba lugha hii ndiyo iliyotufanya taifa moja, na sikuwadanganya. Lakini sikuwahi kuwaza kwamba ng'ambo ya maji haya haya lipo sikio ambalo maneno yangu matamu yanaingia kama mtutu wa bunduki.

Aliyevunja kimya ni mzee wa Kihaya, anayeshona nyavu. Anatoka karibu na Kyaka. Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalipovuka mpaka, alikuwa na miaka 15. Walikimbia na kuacha ng'ombe na migomba, na siku chache baadaye daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa. "Na sisi walitujia na Kiswahili hichohicho," akasema. Kisha akamgeukia mama. "Miaka mingi nikimsikia mtu wa Uganda nasema moyoni, ni wale. Kumbe mama yako alikuwa anawakimbia watu walewale."

Mama akamjibu kwa Kiganda. Mzee akajibu kwa Kihaya. Lugha hizo zinakaribiana, wanaelewana nusu au zaidi. Waliongea hivyo kwa muda mrefu, na sisi wengine tukakaa tunasikiliza mvua na maneno tusiyoyajua. Sikuomba tafsiri. Hayakuwa ya darasa.

Jumatatu, 14 Aprili

Sikulala vizuri. Naandika hili kwa sababu shajara ya mradi isiyosema chanzo cha mradi ni nusu.

Nilizaliwa Ukerewe. Shuleni kwetu aliyekutwa akisema Kikerewe alivishwa kibao shingoni, na hakivui mpaka amkamate mwenzake akikisema naye amvishe. Tulijifunza kusikilizana, lakini kusikilizana kwa kuviziana. Nilikua, nikawa mwalimu bara, na mwaka wa kwanza kazini nikatengeneza kibao cha kwangu kwa ajili ya watoto wa Kisukuma. Nilikikwangua kwa kioo kikawa laini, ili kisiwachome. Niliona huo ni wema.

Mtoto mmoja wa darasa la tatu aliinua mkono akaniomba ruhusa ya kwenda chooni, kwa Kisukuma, kwa sababu ombi hilo hakulijua kwa Kiswahili. Nilimvisha kibao, nikaendelea kuandika ubaoni. Alijikojolea palepale alipokaa. Sikumuomba radhi. Leo ni mtu wa zaidi ya miaka arobaini, na sijui yuko wapi.

Kwetu Ukerewe alikuwepo Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kuichapa kwa lugha hiyo, mpaka akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili akiwa mzee. Mimi Mkerewe nimemsoma kwa Kiswahili. Nakishukuru Kiswahili kwa kunifikishia riwaya hiyo, na naumia kwamba ilibidi ipite huko.

Siamini kwamba lugha moja lazima iue nyingine ili tuelewane. Ninachokiona bandani ni kwamba anayejifunza lugha ya mtu anakubali kuwa mdogo mbele yake kwa robo saa. Anakosea, anasahihishwa na yule aliyezoea kumsahihisha yeye. Nilikisema Kisukuma cha sokoni miaka yote niliyokaa huku, lakini sikuwahi kumwachia Msukuma yeyote anifundishe.

Mabadiliko ya mradi: kuanzia mbalamwezi ijayo zamu ya Kiswahili siifundishi mimi. Atafundisha kijana wa Magu. Mimi nitakaa mkekani.

Jumatatu, 12 Mei

Watu 31. Kijana alifundisha "naomba kupita", "nisaidie kushika hapa" na "usiponielewa niambie". Nisingeyachagua hayo, na ndiyo mtu anayoyahitaji akiwa na mzigo kichwani.

Jambo la leo ni lingine. Kwenye chanja za kuanikia dagaa yupo binti kiziwi. Kila mtu anamfahamu, hufanya kazi kuliko wengi, na watu humwita kwa kumtupia dagaa mgongoni. Dada yake peke yake ndiye anayeongea naye kwa mikono. Leo dada kamleta akamkalisha kwenye kreti, kisha kaniambia, "Na huyu ana lugha, mwalimu."

Binti alijifunza Lugha ya Alama ya Tanzania alipopelekwa shule miaka michache, na nyingine ni alama zao za nyumbani. Tuliazima taa ya sola ya mtumbwini ili mikono ionekane, maana mwezi ulikuwa nyuma ya wingu. Dagaa, kwa alama ya kwao, ni vidole vyote vinavyotetemeka kuelekea chini, jinsi wanavyomeremeta ndoo inapomwagwa. Watu 31 wakatetemesha vidole. Kisha akaonyesha jina alilompa kila mmoja wetu. Alikuwa nayo siku zote hizo! Mwenyekiti ni mkono unaovuta kofia chini. Mama muuza uji ni mkono unaokoroga. Mimi ni vidole viwili vinavyopandisha miwani puani. Amekuwa akitutaja miaka yote, na sisi hatukuwa na jina la kumwitia.

Baada ya darasa nilimwona tajiri pembeni, peke yake, akirudia kwa vidole alama ya jina la binti ili asiisahau.

Jumamosi, 21 Juni

Mbalamwezi ya tarehe 11 upepo ulikuwa mkali, watu 12 tu. Fedha zilizotumika: mikeka miwili na betri moja.

Juzi tarehe 19 Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita tatu hivi juu ya maji tuliyokuwa tunayavuka kwa kivuko. Wafanyabiashara wawili wa Sengerema wamekwisha kuuliza kama Kizinza kina nafasi. Kinayo.

Alhamisi, 10 Julai

Jumatatu ilikuwa Siku ya Kiswahili Duniani, ile iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Nilitaka tuiadhimishe, wenzangu wakasema tuiadhimishe kwa kulizungumzia ziwa.

Agosti 3, 1858, Mwingereza John Hanning Speke alifika kwenye ufuko huu wa kusini, akaliona ziwa, akaliita kwa jina la malkia wake, Victoria. Mazungumzo yake na wenyeji yalipitia kwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni akapelekwa India. Speke aliongea naye Kihindustani, yeye akageuza kwa Kiswahili, na kutoka Kiswahili maneno yakaenda kwa lugha za huku. Fikiria swali moja limepita vinywa vingapi kabla ya kufika kwa mvuvi! Lakini lilifika, na aliyelifikisha ni mtu aliyenyang'anywa kila kitu isipokuwa lugha zilizomwingia njiani. Kijana wa Magu aliuliza kama Bombay ana sanamu hapa mjini. Sijawahi kuiona.

Majina yalikuwepo tayari. Mama wa Masaka akasema kwao ni *Nalubaale*. Baharia akasema *Nam Lolwe*. Kisukuma na jirani zake wanasema *nyanza*, tu, maji makubwa. Kijana akaeleza pia kwamba *sukuma* maana yake ni kaskazini. Mama akashangaa: "Kaskazini ya nani? Kwetu nyinyi ni kusini kabisa!" Kijana akafikiri. "Ya Wanyamwezi," akasema. "Wao ndio walikuwa wanatuangalia."

Karibu na mwisho mama alitoa simu. Mtoto wake yuko darasani Masaka, na anasoma Kiswahili. Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha mwaka 2022 kiwe somo la lazima shuleni, na mama anasema hiyo ndiyo sababu iliyomleta mkekani mara ya kwanza, asishindwe kumsaidia mwanawe kazi za nyumbani. Hakuwa amelisema hilo kabla. Mtoto alikuwa ametuma sauti: "Shikamooni wazee wa mwaloni. Mimi ninaitwa…" Hapo kukawa na kelele, na nyuma yake sauti ya mwanamke mzee, ikiuliza jambo kwa Kiganda.

"Nani huyo?" akauliza mzee wa Kihaya, ingawa nadhani alikwisha kujua.

"Mama yangu. Anamuuliza mtoto anaongea na nani."

Kwenye sauti ile mtoto alimjibu bibi yake. Kukawa kimya kirefu, nikadhani imeisha. Kisha yule bibi akasema tena, karibu zaidi na simu, maneno machache, polepole. Mama aliinamisha kichwa kabla ya kututafsiria.

"Anauliza kama kwenu mvua inanyesha."

Tulimtuma mzee wa Kihaya ajibu, kwa Kiganda alichokiokota bandani na Kihaya alichozaliwa nacho. Akaanza na *gyebale ko, nnyabo*, mama. Akamwambia huku ni kiangazi, na dagaa wanakauka vizuri.